Usiniulize Niko Wapi

Basi la Mtwara lilipofunga breki Nangurukuru, mikono sita ililivamia begi moja. Minne ilikuwa ya madereva wa bajaji, miwili ya bodaboda, na kila mkono ulikuja na mdomo wake: "Masoko, sista! Kivinje hiyo! Panda twende, mrembo!" Mwenye begi, Nusaiba, alisimama katikati ya vumbi na moshi wa mishikaki, amevaa gauni refu la kijani, mtandio ameufunga kwa nyuma, na miguuni raba nyekundu ambazo stendi nzima ilikuwa imeshaziona.

"Mwacheni dada wa watu," sauti moja ikasema bila haraka. "Begi lake analiweza."

Msemaji alikuwa kijana mrefu aliyekalia gunia la mwani mkavu, akimenya chungwa. Shati lake lilikuwa jeupe kupita kiasi kwa mtu wa kukalia magunia.

"Ahsante, kaka."

"Naitwa Ridhiwani. Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Natafuta kijiji kidogo cha pwani nitembee ufukweni siku kumi. Peke yangu."

"Peke yako." Ridhiwani alilirudia neno kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi. "Umegombana na nani?"

Nusaiba alicheka bila kupenda. Angemjibu nini? Kwamba ana miaka thelathini na mitatu, anapiga picha za eksirei Dar es Salaam katika chumba kisicho na dirisha? Kwamba alikuwa na mchumba, Shamte, aliyempigia simu kila saa kuuliza "Uko wapi?" na akitoka dukani akapita kwa rafiki, ilikuwa kesi? Mwaka jana alimrudishia pete. Mama yake mpaka leo haelewi binti anavunjaje uchumba kwa maneno mawili. Lakini Nusaiba alikuwa ameapa: mwanamume wa kumpigia zamu, hata akiwa mzuri namna gani, basi tena.

"Sijagombana na mtu," alisema. "Nina miguu miwili, na bahari ni ya Mungu."

"Hapo umenishinda." Akamkatia nusu ya chungwa. "Njoo kwetu Nangomwa. Shangazi yangu, Bi Mwanahija, ana chumba cha wageni. Ufukwe wetu utaumaliza wewe, au utakumaliza wenyewe."

Nangomwa palikuwa pazuri kuliko alivyoahidiwa. Kila asubuhi Nusaiba alifunga kamba za raba, akashika njia ya kusini: mchanga mweupe, kisha miamba, kisha mikoko, kisha mlango wa maji, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Akivuka hapo maji yalimfika magotini, akafika kitongoji cha pili alikoishi Bi Sada, akapumzika na kurudi. Njiani hakukosa watu: mzee akitengeneza mtego, kina mama wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba chini ya kibanda cha makuti. "Shikamooni!" "Marahaba, mwanetu, za kutembea?" Alijiona malkia wa pwani nzima.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Mwanahija hakuwa na jembe, akampa kamba. Jioni zikawa za barazani, Nusaiba akifunga mbegu za mwani na Ridhiwani, ambaye ndiye msimamizi wa kikundi cha wakulima, akizifungua tena.

"Fundo gani hili? Samaki akilipitia atacheka mpaka atapaliwa."

"Njoo hospitali basi nikuone ukipiga picha ya nyonga."

"Nipige mimi ya moyo. Uone kilichomo."

"Moyo hauonekani vizuri kwenye eksirei, baba. Unaonekana kivuli tu."

"Hicho hicho kivuli. Kina raba nyekundu."

Bi Mwanahija alikohoa ndani kwa makusudi. Nusaiba aliinamia kamba yake, uso umemuwaka moto. Alikuwa amependa, na hakujidanganya.

Kilichomvuta zaidi ni simu. Mchana akiwa ufukweni Ridhiwani hupiga: "Umekula?" au "Jua halijakuchosha, kipenzi?" Lakini "uko wapi" haikumtoka hata mara moja. Nusaiba alikuwa akikata simu na kutabasamu peke yake kwenye mchanga. Kumbe wanaume wa namna hii wapo!

Siku ya saba asubuhi aliukuta ule mlango wa maji mkavu kabisa, akapita bila kulowa unyayo. Kwa Bi Sada alikaribishwa chai. Saa saba akaaga, Bi Sada akaleta mihogo. Saa nane akaaga tena, Bi Sada akaleta albamu ya harusi ya mwanawe na kumweleza picha moja baada ya nyingine, hata za waliokaa nyuma. Alipoinuka mara ya tatu, simu ya Bi Sada ikaita. Mama yule, kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta ya mihogo, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole, ikatoa sauti kubwa.

"Da Sada, mgeni yuko hapo? Mshikilie hapo hapo. Mzee wa mtego ameniambia hajamwona akipita kurudi."

Ilikuwa sauti ya Ridhiwani. Bi Sada alijifuta mikono haraka aizime. Nusaiba akaichukua simu mwenyewe.

"Kwa hiyo mzee wa mtego ni wako. Na kina mama wa kibandani?"

"Nusaiba? Mpe Da Sada simu kwanza."

"Nakuuliza, Ridhi."

"Wote," alijibu polepole. "Tangu siku ya kwanza. Nusaiba, nisikilize..."

"Ndiyo maana hukuniuliza niko wapi. Ulikuwa unajua!"

Alitoka bila kuaga, akateremka mbio hadi kwenye mlango wa maji, na hapo akasimama. Pale alipopita pakavu asubuhi, bahari ilikuwa imeingia yote, pana, ikikimbia na matawi ya mikoko. Ilikuwa bamvua, siku za mwezi ambapo maji hupwa kupita kiasi na kujaa kupita kiasi. Ng'ambo, Ridhiwani alikuwa anasukuma mtumbwi.

Alipofika, jasho lilikuwa limemlowesha.

"Ungepita hapa saa nane, ningekuwa nakutafuta kwenye mikoko," alisema. "Mlango huu umeshachukua watu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwetu mgeni hatishwi. Umekuja na furaha yako, nikupokee na habari za waliozama? Nikaona heri nikuwekee watu."

"Sikuja kutafuta walinzi. Nililindwa miaka miwili, nikakosa pumzi." Macho hakuyashusha. "Ungeniambia ukweli, ukaniacha nichague saa yangu ya kuvuka. Umenificha bahari, Ridhi, ukanipa watu wa kunichunga kama mbuzi. Na mimi nilikuwa nimekupenda."

Ridhiwani alimshikia mtumbwi apande. Akamvusha. Kesho yake Nusaiba alikuwa stendi ya Nangurukuru, begi begani, siku tatu kabla ya wakati.

Dar es Salaam, siku ya pili tangu arudi, Nusaiba alipata ujumbe wa Ridhiwani akiwa kazini katika chumba chake kisicho na dirisha. "Kesho maji yatapwa saa sita na robo. Yataanza kujaa kwa kasi saa nane. Bamvua inaisha." Basi. Hakuna samahani wala mpenzi.

Kesho yake ukaja mwingine. Keshokutwa tena. "Maji mafu, hayajai wala hayapwi sana. Mlangoni ni magoti kutwa nzima." "Upepo wa kusi. Maji yanawahi." Nusaiba hakujibu hata mmoja, na hakufuta hata mmoja. Wiki ya pili alijikuta akimwambia mgonjwa avute pumzi na kuishikilia, huku yeye mwenyewe akiwaza kwamba saa hii mlango ni mkavu. Wiki ya nne alishaijua bahari ya Nangomwa kwa moyo. Ukweli aliomlilia Ridhiwani siku ile, Ridhiwani alikuwa anampelekea kila siku, na hakuwa ameomba kitu.

Akaomba likizo, akapanda basi bila kumwambia mtu. Alilala Masoko, alfajiri akazunguka kwa barabara ya bara hadi kwa Bi Sada, ng'ambo ya mlango.

Bi Sada alipomwona, mkono ulikimbilia simu.

"Shikamoo, Bi Sada. Leo usimpigie."

"Marahaba. Haya, lakini bamvua..."

"Maji yamepwa saa nne na nusu. Nina saa nzima."

Bi Sada alimtazama kuanzia mtandio hadi raba. "Eeh! Umekuwa wa huku."

Aliuvuka mlango ukiwa mkavu, hakuna jicho la mtu. Alipomaliza mikoko aliwaona wakulima mbali, wameinama kwenye mashamba ya mwani, na katikati yao shati jeupe kupita kiasi. Akapiga simu. Shati lile likanyooka.

"Nusaiba?"

"Naam."

Upepo uliongea kwenye simu zote mbili.

"Huniulizi niko wapi?"

"Siulizi," alisema Ridhiwani. "Niliapa siku ile ulipoondoka."

"Basi leo nakuruhusu. Niulize."

"Uko wapi, laazizi?"

"Geuka."

Aligeuka. Kamba ya mwani ikamponyoka, akaja akikimbia, maji yakiruka mpaka kifuani, na kina mama nyuma yake wakapiga vigelegele kama waliokuwa wameandaliwa. Alisimama hatua mbili kutoka kwake, akihema, asijue mikono aiweke wapi.

"Baba yangu yuko kijijini Kitomanga, huko Lindi," Nusaiba alisema. "Washenga wako wakienda, waende mchana, wamkute anakunywa kahawa. Na wewe jambo la kutisha ukilijua, uniambie mimi kwanza."

"Nitakwambia." Alifuta macho kwa mkono wenye chumvi, yakazidi kuwasha. "Nikupokee begi?"

"Begi nalimudu. Wewe tembea na mimi."