Kilo Mbili na Gramu Mia Moja

Mimi ni mtu wa mizani. Mwaka wa kumi na moja huu nasimama kwenye kaunta ya vifurushi, napima mizigo ya watu, nabandika karatasi ya uzito, naandika jina la mpokeaji. Mtu akiniletea habari za uchawi huwa namuuliza una kilo ngapi huo uchawi wako. Kwa hiyo haya sikuyaokota kwa jirani. Yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, na namba zote nilizisoma kwa macho yangu.

Tulimwita Mbio, maana tangu utotoni hakujua kutembea. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba kwa kompyuta. Unampa vipimo vya kiwanja, anakutolea picha ya nyumba ambayo haijachimbiwa hata msingi, mapazia yamo, gari limeegeshwa. Alizaliwa na kishungi cha nywele nyeupe juu ya paji la uso, na mama alituonya tusimtanie. Mchana akipita kazini kwangu, lazima apande kwenye mizani ya mizigo na viatu vyake vya vumbi.

"Shuka, utaniharibia mizani!"

"Soma kwanza, Dada."

Kilo sabini na mbili. Wateja wanacheka, mimi nanuna. Sasa hivi natamani ningekuwa nacheka.

Siku moja ya kawaida kabisa, jua kali, foleni ndefu, alikuja na karatasi ya vifaa. Alikuwa ameachana na mwenzake wa ofisi, mtu mmoja mwenye sauti ya chini ambaye wote walimwita Mpole, na alikuwa ameondoka na kazi kubwa kuliko zote: nyumba arobaini, picha za ndani na nje, wiki sita. Kompyuta ya ofisi ilibaki kwa Mpole. Mbio akaamua kujiundia yake, yenye nguvu, kwa hela ya mtu asiye na hela.

Alinisomea karatasi huku nafunga maboksi. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya zamani, lakini ya aina ambayo kiwanda kimeiacha wazi, unaweza kuipandisha kasi kupita ilivyotoka. Kadi ya picha ya mtumba. Feni ya kupoza, kubwa kama sufuria. Akafika kwenye pawasapulai, lile boksi la chuma linalogeuza umeme wa ukutani uwe umeme unaolika na mashine, akakwama.

"Hapa ndipo watu wanapobania," alisema. "Wananunua kila kitu kizuri, pawasapulai wanachukua ya bure bure. Ukiisukuma prosesa, inataka umeme mwingi. Pawasapulai ya ovyo inakuunguzia vyote."

"Basi usibanie."

"Hela imeisha, Dada."

Wiki hiyo hiyo Mpole akamwita. Wayamalize, alisema, hakuna haja ya watu wazima kununiana. Akampa zawadi: pawasapulai nyeusi, haina mkwaruzo, kibandiko kinasema wati mia saba na hamsini.

Mbio hakuamini vibandiko. Hakuna fundi anayeamini vibandiko, kila mtu anachapisha anachotaka. Wao hupima kwa mkono. Nyepesi ni takataka. Nzito ina shaba na vyuma vya kutosha ndani. Akaileta kwenye mizani yangu, akaiweka katikati, akasubiri namba kama anasubiri majibu ya mtihani.

Kilo mbili na gramu mia moja.

"Mali hiyo!" akapiga kaunta. "Ameniambia kitu kimoja tu. Nisiifungue."

"Kwa nini?"

"Kila fundi anasema hivyo. Hata ukiichomoa, umeme unabaki ndani. Unaweza kukuua."

Kwa hiyo hakuifungua. Maskini, alitii sheria ya kazi yake, na yule mshenzi alilijua hilo.

Mashine iliwaka mara ya kwanza tu ilipobonyezwa. Alinipigia simu anacheka. Kila siku aliipandisha kasi kidogo, na namba mpya akaiandika kwa penseli ukutani: nne, nne nukta mbili, nne nukta nne. Nilikwenda kumtazama Jumamosi, saa nane mchana. Chumba kimoja, dirisha moja, bati linalia kwa joto. Mashine ikiwa na kasi hiyo ilipaswa kupuliza moto. Niliweka mkono nyuma yake.

Ilikuwa inapuliza baridi.

"Si ndiyo vizuri?" alisema. Akanionyesha mita ya umeme mlangoni. Mashine imefanya kazi siku tisa, uniti zilikuwa zimepungua mbili tu. Aliona ni bahati. Mimi nilisimama pale naitazama ile mita, nikajiuliza kama haili hapa, inakula wapi.

Jumatatu alipita kazini, akapanda kwenye mizani. Kilo sitini na saba.

"Unakula?"

"Nakula sana. Sishibi tu."

Nikamfokea. Niseme ukweli, nilimfokea mbele ya wateja, nikamwambia anajiua kwa ajili ya picha za mapazia ya watu. Akaondoka. Hakuja tena mchana. Nami nina kiburi changu, sikumfuata. Wiki tatu nzima nilinuna na mtu anayekwisha.

Aliponipigia, alinong'ona.

"Dada. Njoo."

Niliomba ruhusa, nikaenda. Ilikuwa saa saba kasoro, barabara imejaa watu. Mlango wake ulikuwa wazi. Ndani baridi ilinipiga miguuni. Mbio alikaa mbele ya skrini, shati linamning'inia, mifupa ya mabega imesimama. Ukutani namba zilikuwa zimepanda mpaka karibu na dari. Nyumba thelathini na tisa zilikuwa tayari.

"Imebaki moja," alinong'ona.

"Zima. Twende hospitali."

"Siwezi. Ikipunguza kasi, moyo wangu unapunguza kasi. Nimejaribu mara mbili."

Nikadhani ni homa. Nani asingedhani? Nikasema nitaizima mimi. Akanishika mkono, na mkono wake haukuwa na uzito wowote.

"Dada, nakuomba."

Nilichomoa.

Waya nilikuwa nao mkononi. Soketi iko wazi. Feni zikaendelea kuzunguka.

Moja. Mbili. Tatu. Nilizihesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Feni zikaanza kulegea. Pumzi zikalegea nazo. Nikajaribu kurudisha waya ukutani, siioni soketi. Nikauingiza. Haikuwaka. Feni ya juu ikasimama. Ya nyuma ikasimama. Ile kubwa ikazunguka taratibu, taratibu, halafu nayo ikasimama.

Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Macho yalibaki wazi.

Hospitali waliandika moyo, lishe duni, uchovu. Kwenye fomu waliandika pia uzito: kilo hamsini na moja. Wabebaji walipoinua jeneza walitazamana, wakaliinua tena vizuri, kana kwamba wamekosea jeneza. Mpole alikuja kuzika. Alinipa pole kwa sauti yake ile, akashika mikono yangu yote miwili.

"Ile zawadi yangu," aliniuliza polepole, "iko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Kabla ya hapo nilikuwa nalia tu.

Siku ya pili nilikwenda chumbani na bisibisi. Niliilegeza pawasapulai, ikaniponyoka, ikavunja kigae cha sakafu. Niliiburuta mpaka kwenye teksi. Kazini ilikuwa saa ya chakula, kaunta imefungwa, niko peke yangu. Nikaiweka kwenye mizani.

Kilo ishirini na tatu na gramu mia moja.

Fanya hesabu mwenyewe. Sabini na mbili, toa hamsini na moja. Mimi niliifanya nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini.

Niliifungua. Skrubu nne. Hamkuwa na shaba. Hamkuwa na koili, wala sakiti, wala chochote kinachoshika umeme. Kulikuwa na tofali la saruji, na nyaya zote zimeishia ndani ya saruji. Wahuni wengine hutia saruji ili boksi liwe zito wauze, hilo nilishawahi kulisikia. Lakini saruji hii ilikuwa na uvuguvugu. Na juu yake, upande mmoja, kilikuwa kimeota kishungi cha nywele nyeupe.

Sikupiga kelele. Nilirudisha mfuniko, nikakaza skrubu nne. Nilitafuta boksi jipya, nikaifunga, nikapitisha utepe mara tatu. Nikaandika jina la mpokeaji, lile jina halisi la Mpole ambalo hakuna anayelitumia, na anwani ya ofisi. Nikabandika karatasi ya uzito: 23.1. Kwenye sehemu ya maelezo nikaandika kwa herufi kubwa: USIFUNGUE. Halafu nikaisukuma kwenye mkanda wa mizigo na mikono yangu miwili. Roho yangu haikunisuta na hadi leo hainisuti.

Nilimpigia simu siku ya tatu. Alipokea.

"Nimeshakisaini," alinong'ona. "Hujui ulichofanya. Kichukue."

"Una kilo ngapi?" nilimuuliza.

Akakata.

Siku ya kumi na nane, saa sita na nusu mchana, wapakuaji watatu waliingia na boksi. Walilibeba kwa kamba, wanatukana. Utepe ulikuwa wangu, haujakatwa. Kwenye fomu kulikuwa na sahihi ya Mpole ya kupokea. Chini yake, kwa mwandiko ambao hakuna aliyenieleza ni wa nani, iliandikwa: *mpokeaji hayupo, rudisha.* Nilipiga ofisini kwake. Aliyepokea alisema hawajamwona wiki nzima. Viatu vyake viko chini ya meza, shati liko kwenye kiti, limefungwa vifungo vyote.

Wapakuaji waliliweka kwenye mizani, wakaenda kula. Nikafunga dirisha la kaunta.

Kilo themanini na nne na gramu mia moja.

Nilisimama mbele ya ile namba. Nilimkumbuka Mbio na viatu vyake vya vumbi, nikakumbuka nilivyomfokea. Machozi yalinitoka. Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Nilikuwa nimekisema kila mchana kwa miaka yote ile, kikanitoka chenyewe, kwa sauti ya chini.

"Shuka, mdogo wangu. Shuka, utaniharibia mizani."

Namba ikatetemeka. Ikashuka.

Kilo sitini na tatu na gramu mia moja. Ishirini na moja kamili zimetoka. Boksi halikusogea, utepe haukukatika. Lakini sakafuni, kuanzia kwenye mizani mpaka mlangoni, kulikuwa na alama za viatu vya vumbi, za mtu anayekwenda upesi. Sijazifuta. Nimemkataza mfagiaji, na wateja nawaambia wapite pembeni.

Boksi bado liko chini ya kaunta yangu. Mchana kukiwa kimya husikika sauti ndani yake, ya chini sana, ya mtu anayeomba kwa upole. Huyo sijamwambia ashuke.