Glasi Iliyofudikizwa

Shawna alipoingia jikoni kupakua tambi za kabichi alikuta glasi imefudikizwa mezani, mdomo chini, mahali pasipokaa mtu, na kando yake kisahani cha chumvi na kipande cha limau. Nyumba ile haikuwa na limau.

"Garret, ni wewe umeweka hivi?"

Mumewe alikuwa sebuleni, macho kwenye theluji. "Nimeweka nini?"

"Basi, achana nayo."

Lakini aliujua mpangilio ule. Jumapili iliyopita, kwenye karamu ya wanajeshi wa zamani, pembeni mwa ukumbi paliandaliwa kama kawaida meza ya mtu mmoja, ya kuwakumbuka wenzao waliokufa: chumvi, limau, kiti kisichokaliwa, na glasi iliyofudikizwa kwa sababu wafu hawanywi. Josie, mtoto wao, alikuwa analia kwa kiu, viti vimejaa, Shawna mgongo unamuuma, akakaa palepale, akaigeuza glasi, akatia maji, akamnywesha mtoto. Mama mkwe wake, Bernadine, mjane wa askari, alimshika mkono.

"We mtoto, unajua umemkaribisha nani?"

"Maji tu, mama," alijibu akicheka.

Kesho yake, pale jikoni, glasi ilikuwa imesogea, imekaribia kiti cha Garret. Siku iliyofuata ikakaribia zaidi. Nyumba ikanuka limau na dizeli, mchana kweupe kiti kikasikika kikiburutwa sakafuni, na Josie, mtoto wa miaka miwili, akakipungia mkono kiti kitupu.

"Tobi," alisema.

Shawna akambeba mtoto. Tobin alikuwa rafiki wa Garret, walipigana pamoja Afghanistan, akarudi mzima, mji mzima ukampa mkono na kumwambia asante kwa utumishi wako, na majira ya kuchipua akajiua.

Akampigia simu Bernadine, akinong'ona.

"Meza ile ni ya waliofia vitani," Bernadine alisema. "Waliorudi wakafia nyumbani hawana meza. Na asiye na kiti, mwanangu, hutafuta mtu wa kumkalia."

"Nimwite padri?"

"Padri atamfukuza aende wapi? Muulize anataka nini. Mimi mume wangu aliporudi sikumuuliza. Nilimpikia tu."

Ijumaa jioni glasi ilikuwa imefudikizwa mbele ya kiti cha Garret mwenyewe, na Garret hayupo, hayupo sebuleni, hayupo ghalani, koti lake linaning'inia mlangoni, na Shawna akatoka na soksi tu, mtoto kiunoni, theluji inamfika magotini, akaliona gari uani, injini imezimwa, vioo vimeganda, na alipoufungua mlango harufu ya limau ikampiga usoni, akamwona mumewe ameketi midomo ya bluu, na kiti cha pembeni kimebonyea kama kilichobeba mtu.

"Rudi ndani, shemeji," Garret alisema.

Garret hawezi kumwita mkewe shemeji. Aliyemwita hivyo ni Tobin.

Akataka kukimbia. Akabaki ameushika mlango.

"Tobin," akasema polepole, "unataka nini?"

Sauti ile ikajibu kinywani mwa Garret: "Wamenishukuru wote. Hilo hakuna aliyeniuliza."

"Nakuuliza mimi."

"Kiti."

"Kiti kipo. Mezani kwangu, pale dirishani. Lakini huyu si kiti chako. Huyu ni baba Josie. Teremka kwake."

Kiti cha pembeni kikafura taratibu, kikarudi sawa. Garret akaanza kutetemeka.

"Shawna," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "nina baridi."

Usiku ule Garret alimtaja Tobin kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaongea hadi sauti ikamkauka.

Tangu hapo Shawna huandaa sahani nne kwa watu watatu. Glasi ya dirishani huiweka wima, akaijaza maji. Asubuhi huikuta kavu.

"Ameondoka?" Bernadine aliuliza.

"Hajaondoka, mama. Amekaa."

Juzi glasi ya dirishani ilikuwa bado imejaa, haikuguswa. Ya Garret ilikuwa imelala ubavu, inabingirika kidogo huku, kidogo kule, kama ambayo bado haijaamua isimame au ijifudikize. Shawna aliishika, akaisimamisha, hakuiachia.

"Baba Josie," akaita, "njoo ukae hapa. Niambie leo umeamkaje."