Waya Mnene wa Mzee Kuwabara

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, Fumino aliianza siku kwa namna ile ile. Saa kumi na mbili na nusu alikimbilia uwanja wa hekalu la mtaani, akafanya mazoezi ya viungo yanayoongozwa na redio pamoja na wenzake, akagongewa muhuri kwenye kadi yake ya mahudhurio, kisha akarudi nyumbani kumwagilia maua. Baada ya hapo alipanda ghorofani na jagi la chai baridi ya shayiri kumpelekea babu yake.

Babu huyo, Mzee Kuwabara, alikuwa fundi wa ishara za reli hapa mjini Matsumoto hadi alipostaafu. Siku hizi kazi yake ni kusikiliza muziki, na anaifanya kwa bidii kuliko alivyofanya ile ya mshahara. Chumbani mwake kuna spika mbili zinazompita Fumino kwa urefu, amplifaya ya kukuza sauti, na kompyuta ndogo yenye muziki wote. Waya mmoja hutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kisanduku cheusi, na kisanduku hicho ndicho kinachogeuza namba za kompyuta kuwa sauti. Watu wengine hufuga samaki wa rangi. Wazee wa mtaa wetu wanafuga waya, na ukimkanyagia mmoja wao waya wake utajuta.

Mwezi Juni Mzee Kuwabara alikuwa amenunua waya mpya, mnene kama samaki mkunga, uliofumwa kwa nyuzi za fedha. Ule wa zamani ulikuwa mwembamba, wa bure, uliokuja ndani ya boksi la printa.

Fumino alikuwa wa darasa la sita, na kama wanafunzi wote alidaiwa utafiti wa likizo. Kila mtoto huchunguza jambo kwa akili yake mwenyewe, akaliandika kwenye bango, na mabango hutundikwa kwenye ukumbi wa shule ili wazazi na majirani waje kuyasoma. Mwenzake mmoja alikuwa amechunguza ukungu wa mkate. Fumino aliandika swali lake kwa herufi kubwa: Je, waya mnene hutoa sauti nzuri kuliko mwembamba?

Jumamosi alasiri marafiki wa babu walikuja kama kawaida. Wa kwanza ni Mzee Hirabe, mwenye miaka themanini na sita, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu. Kwa kuwa ndiye mkubwa wao, yeye ndiye huzungumza kwanza. Wa pili ni Mzee Nozue, aliyepika tambi za ngano nyeusi miaka arobaini, na ambaye siku hizi kila ukimwambia neno atakwambia, “Sema vizuri bwana, unamung'unya nini?”

Fumino alijificha nyuma ya pazia pamoja na kompyuta na nyaya zote mbili.

“Sasa ni mwembamba,” alitangaza, na wimbo ukapigwa.

“Mm,” alisema Mzee Hirabe. “Umekauka kidogo.”

“Umekauka kweli,” alisema Mzee Nozue.

“Sasa ni mnene.”

“Ah! Hapo sasa!” Mzee Hirabe alifumba macho. “Ngoma imeshuka chini kabisa, kama iko kisimani.”

“Kisimani hasa,” Mzee Nozue aliunga mkono.

Fumino mwenyewe, pale nyuma ya pazia, aliisikia ngoma ikishuka. Aliandika alama kwenye daftari lake kwa furaha. Walipofika nusu, mama aliita kutoka chini, naye akaenda kuchukua tikiti maji. Aliporudi waliendelea na raundi nyingine tatu. Matokeo yalikuwa yale yale: mnene safi, mwembamba mkavu.

“Basi imetosha,” alisema Mzee Nozue akifuta maji ya tikiti kidevuni. “Sayansi imesema. Jumatatu nakwenda dukani kuchukua mwingine kama huo. Kwangu muziki umefifia siku hizi, kama umefunikwa blanketi.”

“Na zile pesa ulizoweka za vifaa vya kukusaidia kusikia?” aliuliza babu.

“Masikio yangu yana nini? Waya ndio mbovu!”

Wote walicheka. Fumino naye alicheka, maana hakuona kosa lolote.

Jumapili asubuhi, bango likiwa limekwisha kuandikwa, alipanda juu apige picha ya vifaa ya kulibandika. Raundi ya mwisho ya jana ilikuwa ya waya mnene, na hakuna aliyegusa kitu baada yake. Lakini waya uliochomekwa kwenye kisanduku ulikuwa mwembamba. Ule wa fedha ulilala sakafuni.

Fumino alisimama akishangaa. Alifungua daftari, akasoma, akatazama waya, akasoma tena.

“Babu, uligusa waya jana?”

“Mimi? Ah, nilikusaidia tu. Ulipokwenda kuchukua tikiti nikaubadilisha, nikajua utarudi umechoka.”

Kwa hiyo babu alibadilisha, na Fumino aliporudi akabadilisha tena bila kutazama, mikono ikienda kwa mazoea na mawazo yakiwa kwenye tikiti. Raundi zote tatu za mwisho majina yalikuwa yamepinduka. Walipousifu mnene, uliokuwa ukifanya kazi ni ule wa bure wa printa.

Kama waya haukuwa ule, ile ngoma ya kisimani ilitoka wapi? Na mbona yeye mwenyewe aliisikia? Alijaribu kuikumbuka, na bado aliisikia vizuri kabisa. Aliona kana kwamba masikio yake ni ya mtu mwingine. Afute bango lote, au aliache lilivyo, kwa kuwa lilikuwa zuri na kila mtu alikuwa amefurahi?

Alimweleza babu. Mzee Kuwabara alianza kupangusa kwa kitambaa spika ambazo hazikuwa na vumbi.

“Bango lako limependeza,” alisema mwishowe. “Liache hivyo hivyo. Wazee wameshasema. Unataka nimwambie Mzee Hirabe kwamba alisifu waya wa printa?”

Fumino aliona aibu ya babu yake ikimpanda usoni, na akatamani kunyamaza. Lakini alisogea karibu na spika.

“Babu, kesho Mzee Nozue anakwenda dukani. Anakwenda na pesa za masikio yake. Na anakwenda kwa sababu ya jaribio langu.”

Kitambaa kilisimama juu ya spika.

“Lete karatasi,” alisema babu.

Safari hii hapakuwa na kutangaza. Fumino alirusha dadu nyuma ya pazia. Ikiangukia namba shufwa alichomeka mnene, witiri mwembamba, naye hakusema hata neno. Babu aliandika jibu lake peke yake. Walifanya hivyo mara ishirini. Akapata kumi na moja.

“Hata ningebahatisha huku nimelala ningepata hizo,” alisema babu kwa unyonge. Kisha aliinua kidole. “Ngoja. Huo mlio ni wa nini? Zzzz, chinichini.”

“Upo tangu Juni, Babu.”

“Tangu Juni! Mbona hukusema?”

“Kompyuta ni yako. Na wageni hawakusema kitu. Nikadhani nakosea mimi.”

Babu alimtazama, akacheka kicheko kisicho na furaha. “Na mimi niliusikia, nikanyamaza. Mwenye nyumba ataanzaje kulalamikia nyumba yake?”

Wakauwinda mlio pamoja. Walibadilisha waya, mlio ukabaki. Walizima feni ya mezani, ukabaki. Walisogeza kisanduku, ukabaki. Fumino akazidi kuchanganyikiwa, kwa sababu sasa alishaanza kuamini kwamba hakuna kifaa chochote chenye kuathiri sauti, na huku mlio unamcheka. Ndipo babu alipoichomoa chaja ya kompyuta kwenye soketi.

Kimya.

Aliichomeka: zzzz. Aliichomoa: kimya. Kompyuta ilipotumia betri yake peke yake, muziki ulitoka safi kuliko walivyousikia kiangazi chote.

“Kumbe uchafu ulikuwa unapita kwenye umeme wa chaja,” alisema babu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikunjuka. “Na sisi tunahangaika na fedha! Kawaite wazee.”

Walipofika, Mzee Kuwabara hakuleta chai kwanza. Alipiga magoti kwenye mkeka, akainamisha kichwa, akawaambia yote: tikiti, waya uliopinduka, dadu, alama kumi na moja. Mzee Hirabe alikuwa mwekundu hadi shingoni.

“Kwa hiyo nilisifu kisima cha printa,” alisema.

“Tulisifu sote. Wewe ulisema kwanza, sisi tukafuata. Na kuna jingine. Huo mlio wa chaja, nani mwingine alikuwa anausikia?”

Alichomeka chaja. Zzzz.

“Mimi, tangu Juni,” Mzee Hirabe alikiri. “Lakini nilikuwa mgeni wako. Ningesema nini?”

“Na mimi,” alisema Fumino.

Mzee Nozue aliwatazama mmoja mmoja. “Mlio gani?”

“Huu hapa, Nozue. Sikiliza.”

Alisogea hadi spika ikakaribia kugusa shavu lake. Alisubiri. Mama alikuwa amefika mlangoni na chai, na hata yeye aliusikia. Mzee Nozue aligeuka taratibu, na hakukuwa na mtu wa kumtania.

“Sisikii kitu,” alisema. “Sasa siku zote hizi nilikuwa nasifu nini?”

Fumino alihisi machozi yakimlengalenga, kwa kuwa ni dadu yake na maswali yake vilivyomfikisha mzee hapo. “Nisamehe, Mzee Nozue. Nilikuwa nataja jina la waya kabla hamjasikiliza. Bango langu lilikuwa na makosa.”

“Wewe umekosea nini? Ungenyamaza, kesho ningejinunulia blanketi jingine.” Alijaribu kucheka. Kisha akamgeukia babu. “Kuwabara, hiyo kliniki ya masikio iko upande gani wa stesheni?”

“Nitakupeleka mwenyewe.”

Babu alimvuta Fumino karibu. “Sikia, mjukuu wangu. Kitu kisichokuwepo tulikisema sote, kwa adabu. Kilichokuwepo tulikinyamazia sote, kwa adabu hiyo hiyo. Adabu ni njema, lakini haipimi kitu. Ukitaka kujua jambo lipime bila kulitaja jina, uandike ulichokipata wewe. Na ukigundua umekosea sema mapema, kabla mwenzio hajalipa gharama ya kosa lako.”

Fumino hakulichana bango la kwanza. Alilipiga mstari mwekundu, akabandika la pili pembeni, akaeleza tikiti, dadu na, kwa ruhusa ya Mzee Nozue, lile blanketi lake, bila kuficha. Shule zilipofunguliwa, mabango yote yalitundikwa ukumbini, na majirani wakaja kuyasoma.

Mzee Nozue alikuja wiki tatu baadaye. Alikuwa na vifaa viwili vidogo vya rangi ya ngozi nyuma ya masikio yake. Alisimama mbele ya bango la Fumino, akasoma neno kwa neno huku watoto wakipita wakinong'onezana na kumcheka chinichini. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, “Huyu ndiye mzee wa blanketi.”

Mzee Nozue aligeuka haraka.

“Nimekusikia!” alisema kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima, na machozi yakamtiririka. “Hebu sema tena, mwanangu. Nimekusikia.”