Kaluki Anavuta

Kisilu alikuja Kitui siku ya soko kutafuta mkanda wa mashine, akaangukia viondo.

Aliangukia kweli. Alikuwa akitembea huku macho yakiwa juu kwenye mabango ya maduka, mkanda mbovu wa kinu cha kusaga ukining'inia begani, mguu wake ukazama ndani ya kiondo kikubwa, kikapu cha katani, kilichowekwa mbele ya vingine. Akarukaruka kwa mguu mmoja, akaketi kwa kishindo katikati ya mali ya watu.

"Aiya! Unanunua ama unavaa?" mwenye viondo akauliza.

Kisilu akainua uso. Mbele yake alisimama msichana mrefu, gauni la kijani limefungwa mkanda kiunoni, kitambaa cha manjano kichwani. Alikuwa anajaribu kutocheka, na alikuwa anashindwa.

"Kama una cha mguu wa pili, nitachukua vyote viwili," Kisilu akasema.

Akainuka, akaanza kuviokota. Aliona kwamba msichana alipanga kwa mkono wa kushoto tu, ule wa kulia ameukunja kifuani kama mtu aliyebeba yai. Hakuuliza. Alivipanga vyote yeye mwenyewe, akavifuta vumbi kwa shati lake la drafti. Lakini shati lilikuwa na unga, na kila alichokifuta kikawa cheupe.

Hapo msichana akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe wewe ni msagaji!"

"Wa Kasikeu. Naitwa Kisilu."

"Mimi ni Kaluki. Na hivi viondo vyangu sasa vimepakwa poda."

Mwaka huo ulikuwa 1986, na mvua ilikuwa nzuri kote Ukambani. Mahindi yalikuwa mengi, kinu hakikupumzika. Hata hivyo Kisilu alipata sababu ya kurudi Kitui. Kwanza alisema mkanda ni mrefu mno. Kisha akasema ni mfupi. Safari iliyofuata alikuja mikono mitupu.

Kaluki alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la Mama Esha, mama wa Kiislamu aliyeuza leso na nguo za mitumba. Mama Esha alimtazama Kisilu akisimama mlangoni, suruali imepigwa pasi, nywele zimechanwa na mstari katikati.

"Kijana, leo mkanda uko wapi?"

"Leo mashine ni nzima, Mama Esha."

"Na wewe? Wewe ni mzima?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Mama Esha akamwita Kaluki, akawaletea chai ya tangawizi, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi upande wa mbele.

Siku hiyo Kaluki alimweleza habari za mkono. Alikuwa amesuka tangu utotoni, ameinama juu ya nyuzi za katani kutoka asubuhi mpaka jua linazama, akifuata mapambo aliyofundishwa na mama yake. Bega likaanza kukaza. Shingo ikafuata. Kisha ganzi ikaingia vidoleni, na uzi ukawa unamponyoka bila yeye kujua.

"Hivi ninavyouza vyote ni vya wenzangu," alisema. "Na unajua kinachoniuma? Hata kabla ya mkono kukataa, moyo ulikuwa umechoka. Nilikuwa nasuka kama punda anavyozunguka. Sikuwa na kitu changu cha kusema."

Kisilu hakumpa pole nyingi. Aliinuka, akasogeza benchi lao mpaka ukutani, ili Kaluki apate pa kuegemeza mgongo. Ni jambo dogo. Kaluki alilala nalo moyoni siku nyingi.

Kabla ya mavuno kwisha walikuwa wameshakubaliana. Watu wa Kisilu wangekuja na mbuzi wa posa, kama desturi ya Wakamba ilivyo. Kwa sasa, Kaluki angempigia simu kutoka posta ya Kitui, na Kisilu angepokea katika duka la Mzee Kivuva pale Kasikeu, lililopakana na kinu ukuta kwa ukuta.

Katikati ya kungoja huko, kaka yake Mama Esha, jina lake Faki, alileta sanduku la vitabu vikuukuu kutoka Mombasa. Ndani yake mlikuwa na kitabu chembamba kisicho na jalada, cha mazoezi ya mwili na utulivu wa akili. Mama Esha aliona picha ya mtu anayenyoosha bega, akakiweka kando, akampelekea Kaluki pamoja na bakuli la uji.

Kaluki alikisoma polepole, kidole chini ya maneno. Ukurasa wa kwanza ulisema: kabla ya kazi, uulize mwili wako umelalaje. Alicheka peke yake. Hakuna aliyewahi kuuliza mabega yake yamelalaje. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona, akayauliza.

Yalikuwa na mengi ya kusema.

Akawa anaamka mapema, anatandika mkeka uani, ananyoosha shingo, anafungua kifua, anavuta pumzi ndefu na kuitoa. Kitabu kilisema usipigane na maumivu, yakaribie taratibu. Siku zikapita. Ganzi ikaanza kurudi nyuma, kidole baada ya kidole. Na katika ule utulivu, macho yamefumbwa, Kaluki akaanza kuona rangi. Hayakuwa mapambo ya mama yake. Aliona kijivu cha vilima kabla ya mvua, na chini yake mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Akakimbia posta.

"Haloo! Kisilu?"

"Mwendwa wangu, mpenzi! Sema kwa nguvu, mashine inasaga!"

"Nina habari njema! Nimeanza kuvuta pumzi!"

Lakini mwenye gunia la mahindi makavu alikuwa ndiyo kwanza amelimwaga kinuni, na mngurumo ukalimeza neno la mwisho.

"Umeanza kuvuta?" Kisilu akauliza.

"Ee! Kila asubuhi, kabla ya chai! Navuta polepole mpaka kifua kinajaa, nashikilia, halafu natolea puani!"

Kisilu akaketi juu ya gunia la chumvi.

"Nani amekufundisha?"

"Mama Esha ndiye alinipa! Kaka yake alitoka nacho Mombasa!"

"Na... unajisikiaje?"

"Kichwa chepesi! Nikifumba macho naona rangi, Kisilu! Rangi ambazo sijawahi kuona!"

Simu ikakatika. Kisilu alibaki ameshika mkono wa simu. Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya. Hakuwa amewahi kuvuta hata sigara.

Kaluki alipopiga tena, Kisilu alikuwa amejiandaa. Lakini duka lilikuwa limejaa wateja, na alisema kwa kuficha, mdomo karibu na ukuta.

"Kaluki, hicho kitu unachofanya asubuhi. Kiache."

Kanisani kwa Kaluki kulikuwa na mzee mmoja, Ndululu, aliyeshamwonya kwamba mazoezi ya vitabuni ni mambo ya kigeni. Sasa hata Kisilu?

"Kwa nini nikiache?"

"Mimi ni mtu wa kanisa. Watu wangu wakijua..."

"Kisilu, kitu hiki kimenirudishia mkono."

"Ndivyo wote husema mwanzoni."

"Wote kina nani?"

"Hao wanaofanya hivyo."

"Basi sikiliza," Kaluki akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa kabisa. "Kama watu wako hawanitaki nikiwa mzima, wabaki na mbuzi wao."

Akaweka simu chini, akalia palepale posta. Mwanamke aliyekuwa akingoja zamu nyuma yake alimpa leso yake, akamwambia aondoke nayo.

Kule Kasikeu, Kisilu alisaga vibaya wiki nzima. Wateja walipata unga wenye chenga na hawakumgombeza, kwa maana walimwona uso. Mwisho akamwendea Mzee Kivuva.

"Mzee, wewe zamani ulivuta tumbaku. Uliachaje?"

Mzee Kivuva alimtazama, akaona asiulize anayetaka kuacha ni nani.

"Miwa. Hamu ikinishika, natafuna muwa."

Akaenda nyuma ya duka, akachagua ile laini, akaifunga kwa kamba, akamkabidhi.

Kisilu alifika Kitui mchana, shati lina jasho la basi, miwa begani. Alipita dukani, akaingia uani, akasimama. Kaluki alikuwa ameketi mkekani, mgongo umenyooka, anasuka. Anasuka kwa mikono yote miwili.

"Hodi."

"Karibu," Kaluki alisema bila kuinua macho. "Umekuja kuchukua nini?"

"Nimeleta." Akaitua miwa.

"Ya nini? Uliambiwa Kitui tumekosa sukari?"

"Ya kutafuna, ile hamu ikikushika. Mzee Kivuva alivuta miaka mingi, ikamsaidia."

"Hamu gani? Alivuta nini?"

"Kaluki, usinifiche, sikuja kugomba. Nimekaa, nimefikiri, nimeomba. Nikasema, hata akivuta, ni Kaluki. Nitakaa naye mpaka aache. Na akishindwa kuacha, basi mimi nitakuwa naketi upande ule upepo unakotoka."

Mlangoni, Mama Esha alishika mwimo kwa mikono miwili.

"Ya Rabi! Kijana, unadhani huyu anavuta bangi nyumbani kwangu?"

Kaluki alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Pumzi! Navuta pumzi, Kisilu!"

"Pumzi?"

"Pumzi!"

"Pumzi tu?"

"Na kuitoa!"

Mama Esha alilazimika kwenda kucheka dukani, na wateja wakamsikia mpaka barabarani. Kaluki akaleta kitabu. Kisilu alikipekua ukurasa kwa ukurasa, masikio yamemwiva, akafika kwenye picha ya mtu anayepumua, mishale ikimwingia puani.

"Mashine," alisema kwa unyonge. "Ilikuwa inasaga."

"Nami nilidhani unanionea aibu," Kaluki akasema. Kisha kicheko kikamwisha usoni. "Kwa hivyo uliamini mimi ni mvuta bangi, na bado ukapanda basi na mzigo huu wote?"

"Ee."

Kaluki alisogea kwenye mkeka, akampa nafasi.

Kisilu alikishika kile kiondo alichokuwa akisuka. Kijivu kilizunguka kama vilima, na ule mstari wa chungwa ulipita chini yake, ukapotea, ukatokea tena.

"Hii rangi uliiga wapi?"

"Sijaiga popote. Ni yangu." Akalitamka neno hilo polepole. "Na Kisilu, nikuambie mapema. Wenzangu wanaosuka wamekuwa wakija hapa na migongo yao, nawaonyesha mazoezi kabla hatujaanza kazi. Mmoja wao, Mbinya, sasa anainua mtungi mwenyewe. Hata nikiolewa Kasikeu, sitaacha."

"Kasikeu kuna migongo mibovu mingi," Kisilu akasema. "Mmoja ni huu wangu, wa kubeba magunia."

"Basi nyoosha mabega. Vuta."

Akavuta kwa pupa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kaluki alimpiga mgongoni kwa mkono wake wa kulia.

"Kaluki," alisema alipopata sauti, "nikawaambie nini watu wangu?"

Vidole vya Kaluki vilikuwa vimesharudi kwenye nyuzi.

"Waambie walete mbuzi. Lakini wasije Jumamosi, mwendwa. Jumamosi nina wanafunzi."