Mteja Aliyeandikwa Kuwa Amefika

Rose, karani wa mapokezi, aliamkia "shikamoo", na kwenye benchi hapakuwa na mtu.

"Unamwamkia nani?" Elieth aliuliza.

"Huyu mzee hapa. Anasema anakusubiri wewe, wakili."

Benchi lilikuwa tupu, ila limelowa, na chumba kilinuka udongo wa kaburi bichi. Ilikuwa mchana wa jua kali pale Nyamisangura.

Elieth alikuwa wakili mpya. Tangu amalize shule ya sheria alikuwa akibeba mkoba wa bosi wake, wakili Nashoni, kwa posho ya kununulia vocha. Alivumilia, maana mvumilivu hula mbivu, na Nashoni alikuwa ameahidi kumfanya mbia wa ofisi. Wiki iliyotangulia bosi alimletea hati ya kiapo: Mzee Simioni wa Nyamongo anaapa kwamba aliuza shamba lake kwa hiari.

"Gonga muhuri tu. Mzee yuko kwenye gari, miguu inamsumbua."

Sheria inataka anayeapa asimame mbele ya wakili. Elieth, kwa tamaa ya ule ubia, hakushuka hata kuchungulia. Aligonga muhuri, akaandika kwamba Simioni ameapa mbele yake. Baadaye ndipo akasikia kwamba siku ile mzee alikuwa ameshazikwa.

Tangu siku ya benchi, kikohozi kizito kikawa kinamfuata, kikipanda naye ngazi, kikimngoja mlangoni mwa choo, mpaka ile harufu ya udongo ikaingia kwenye joho lake na kwenye chai yake, naye akaogopa hata kufumba macho aombe, maana akiyafumba alihisi mtu amesimama mbele yake, karibu kabisa, akisubiri kuulizwa jina.

Akaenda kwa mganga, mama Kisyeri.

"Huyu simtoi, mwanangu," mganga alinong'ona. "Anayejileta namfukuza. Huyu uliandika amefika mbele yako, na amefika. Nenda mahakamani ukayafute maneno yako."

"Nikiyafuta wataninyang'anya uwakili."

"Basi kaa naye."

Elieth akachagua uwakili.

Siku ya kesi ya shamba lile, mjane wa Simioni, aliyekuwa akilidai, alikaa benchi la nyuma. Hakimu akauliza, "Wakili, huyu mzee aliapa mbele yako?"

Elieth alifungua kinywa aseme ndiyo. Kikatoka kikohozi, kisha sauti nzito ya kiume, kwa Kikurya, lugha ambayo yeye, mzaliwa wa Same, hakuijua, ikitaja mipaka ya shamba mti kwa mti na kuapa kwamba halikuuzwa.

Mjane akasimama taratibu.

"Baba Nestory," aliita kwa sauti ya chini, "kumbe uko huku?"

Shamba lilirudi kwa mjane. Uwakili wa Elieth ukaenda, mzee hakwenda. Kila Jumapili mjane huja kuzungumza na mumewe, na Elieth huketi kimya ndani ya mwili wake, akisikiliza kinywa chake kikicheka.