Mume wa Kujaza Mlango

Foleni ya sukari mbele ya duka la ushirika mjini Moshi ilikuwa imepinda hadi barabarani, mwaka ule wa sabini na nne, na Digna alikuwa amechoka nayo. Alivaa gauni la maua lililombana kiuno na viatu vya raizoni vilivyomfanya aone vichwa vya wenzake kwa juu. Akajipenyeza pembeni, akaingia mlangoni kwa kishindo, akagota kwenye tumbo la mwanamume.

"Taratibu, dada. Hilo tumbo lina mwenyewe."

"Basi mwenyewe alisogeze, wengine tupite!"

Foleni nzima ikacheka. Mwenye tumbo, Wenseslaus, msimamizi wa bohari ya duka hilo, akacheka kuliko wote. Alikuwa na miaka thelathini na minne, kaunda suti ya kahawia, na kitambi ambacho vijana wa kwao Kibosho walikiomba kwa Mungu. Siku zile mwenye kitambi hakuulizwa kama mambo yake ni mazuri. Digna alimpenda hapo hapo, na nisiwafiche, alianza kwa kupenda tumbo.

Alikuwa mpokea simu katika ofisi moja mjini, kwa hiyo mapenzi yao yalikua kwenye waya.

"Haloo, bohari."

"Nataka kuongea na mlima wangu."

"Mlima uko kazini, mpenzi. Umekula?"

"Nasubiri wa kunilisha."

Jumapili baada ya misa walitembea wameshikana mikono, Digna akipunguza mwendo makusudi ili mashoga zake waone vizuri. "Mwanaume anayejaza mlango," aliwaambia. "Nyie bakini na vijiti vyenu."

Januari, Wenseslaus alianguka boharini. Daktari alimpima presha, hakuamini, akapima tena. "Mafuta, chumvi na pombe, acha," akamwambia. "Ukiendelea hivi, arobaini huifikii." Akampa vidonge. Mgonjwa mwenzake ndiye aliyemwelekeza kwa Bi Amne wa Njoro, mama wa miaka sitini aliyelea watoto wa familia moja ya Kihindi kwa miaka ishirini. Bibi wa nyumba ile alimfundisha yoga. Familia ilikwishahamia Uingereza, na Bi Amne alibaki na mkeka na maarifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Kidogo tu. Ndizi na nyama."

"Basi nenda, urudi kesho alfajiri. Haya mambo hayafanywi tumbo likiwa limejaa. Na uvae nguo isiyobana."

Kesho yake akampa masharti. Apumue kwa pua, polepole, wala asibane pumzi. Panapouma aishie hapo, maana mwili haulazimishwi. Asishindane na mtu. "Na wewe wa presha, kusimama kichwa chini ni mwiko, hata ukiona mwenzio anafanya. Vidonge vya daktari usiache." Kila mazoezi yalipokwisha alimlaza chali, kimya, mpaka mapigo ya moyo yatulie.

Miezi mitano ikapita. Presha ikashuka, usingizi ukarudi, mgongo ukaacha kuuma, akawa anapanda ngazi za bohari bila kuhema. Kitambi nacho kikaondoka. Digna hakuambiwa neno, kwa aibu tu: mwanaume mzima wa Kibosho, amelala mkekani, mwanamke anamhesabia pumzi!

Lakini Digna alikuwa na macho. Mpenzi anakonda, nyama hataki, na alfajiri hayupo kwake. Siku moja akamfuata hadi Njoro, akasukuma mlango.

"Yuko wapi huyo malaya?"

"Ni mimi, mwanangu," Bi Amne alijibu, amekunja miguu mkekani. "Vua viatu, ukae."

Wenseslaus, amelala chali na kaptura yake, akainuka akamweleza yote, pamoja na maneno ya daktari. Digna alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke, ningempiga yakaisha. Hili nitawaeleza nini watu? Mashoga wanasema nakulaza njaa. Wajomba zangu wanasema una kifua kikuu, hawatoi binti kwa maiti."

"Digna, nitakufa."

"Kila mtu atakufa. Wewe unataka kufa umekonda."

"Mpenzi wangu, nisikilize..."

"Rudisha mwili wako ndipo uje kwetu. La sivyo, muoe huyo bibi."

Wiki tatu alipiga simu kila siku, na kila siku Digna alimjibu kwa sauti ya kazini: "Laini ina shughuli, bwana." Alimsikia akivuta pumzi polepole, kwa pua, alivyofundishwa. Akakata.

Wiki ya nne simu ililia tena.

"Digna, nimekula."

"Umekula nini?"

"Mguu wa mbuzi, wote. Na pombe ya mbege."

"Mume wangu!" Digna alilia palepale kazini, kwa furaha ya kweli, mpaka wenzake wakamletea maji.

Walifunga ndoa Kibosho Desemba, kitambi kikiwa kimeanza kurudi na wajomba wameridhika. Ilipoletwa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, Digna alikata kipande chenye mafuta kuliko vyote, akamlisha bwana harusi kwa mkono wake. "Leo tu," alimnong'oneza. Wenseslaus alifungua mdomo. Kesho yake kulikuwa na wageni, keshokutwa kiporo, na baada ya hapo hakuna aliyetafuta sababu. Bi Amne alituma salamu mara mbili kumwita mazoezini. Digna alijibu kwamba mume wake hana ugonjwa wowote. Vidonge vilipokwisha, hakuna aliyekwenda kuchukua vingine.

Alikufa mwaka wa tatu wa ndoa, mezani, kabla hajamaliza sahani. Alikuwa na miaka thelathini na saba.

Wanaume wanane walibeba jeneza hadi kihambani, kwenye migomba ya kwao, wakipokezana mabega, wakihema. Digna alilia hadi sauti ikakauka, na hakuwa anaigiza, maana alimpenda. Wanawake walikaa naye ndani. Dominika, mke wa jirani, akamfuta machozi kwa khanga.

"Usijilaumu, mdogo wangu. Kila mtu ameuona mwili wa marehemu. Ulimtunza."

"Nilimtunza," Digna akasema, na moyo wake ukapoa kidogo.