Nafasi ya Nyuma

Asubuhi ya safari kikombe cha bati cha marehemu kilikutwa kikavu tena. Tangu fundi viatu azikwe, binti yake alikuwa akikimiminia chai kila jioni na kukiweka mezani mbele ya kiti cha baba, na kila kulipokucha kilikuwa kitupu. Mama alidhani mtoto anainywa chai ile kwa siri. Mtoto alidhani ni mama. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana katika nyumba yenye msiba watu huachiana mambo madogo.

Aliyewatoa nyumbani ni mjomba, kinyozi, mdogo wake mama. Aliwaambia wamekaa ndani mpaka wameanza kufanana na makabati. Akaazima gari, akawachukua kwenda kutembea katika hifadhi ya msitu wa mvua, mahali ambapo marehemu aliahidi kuwapeleka na hakujaliwa. Mama alikaa kiti cha nyuma pamoja na binti yake, waliyemwita Kifungo kwa udogo wa umbo lake. Kiti cha mbele, kando ya dereva, walikiacha wazi. Kifungo ndiye aliyekifunga mkanda, na mama alimwona, akamwacha.

Getini walipewa mwongozaji, mwanamke mpole aliyevaa mabuti ya mpira. Njia ilikuwa nyembamba, hivyo watu walipita mmoja mmoja. Mwongozaji alitangulia, akafuata mjomba, kisha Kifungo. Mama alitaka kuziba nyuma, lakini mtoto alimshika nguo, akamvuta awe mbele yake. Nyuma ni pa baba, alisema. Na kweli, kila walipotembea pamoja fundi viatu alikaa nyuma, akisema mtu wa mwisho ndiye anayewaona wote. Mama hakutaka kumliza mtoto siku ya matembezi.

"Haya, tumwachie," alisema.

Wakaingia msituni. Miti ilikuwa mirefu mpaka shingo inauma, na maji yalidondoka kutoka jani hadi jani ingawa mvua haikunyesha. Mjomba alitazama mizizi na kamba za miti zilizoning'inia, akasema kichwa kama hiki kingekuja dukani kwake angefunga duka akimbie. Mama alicheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi.

Kicheko kilipokwisha, ndipo alipozisikia hatua.

Ko. Ko. Ko.

Njia yote ilikuwa tope na majani yaliyooza, miguu yao wenyewe ilizama bila kelele, lakini hatua zile za nyuma zililia kavu, kisigino juu ya saruji, zikiwa na mwangwi wa kuta mbili zilizokaribiana. Mama aliijua sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya ukumbi wa nyumba yake, kati ya chumba cha kulala na bafu, alikotembea mumewe huku na huku ugonjwa ulipomnyima usingizi.

Mwongozaji alisimama, akarudi mpaka kwa mama, akainamisha kichwa.

"Mama, kuna mwenzenu nyuma?" alinong'ona.

"Hakuna."

"Maana huku ndani hakuna saruji."

Wakaendelea, na mama akaanza kufikiri polepole, kama ilivyo desturi yake. Kitu kile hakikutoka msituni. Kitu cha msituni kingejuaje ukumbi wake? Kilijifunza hatua zile nyumbani, kikakaa kwenye kiti kile, kikanywa chai ile jioni baada ya jioni, na leo kilipanda gari pamoja nao, kikafungwa mkanda na mtoto.

Walipofika uwanda mdogo kando ya kijito, walitandika mkeka wapate kula. Mama alikuwa akikata mkate. Alipoinua macho, Kifungo alikwisha toa kikombe cha bati mkobani mwake, akakijaza chai ya chupa na kukiweka ukingoni mwa mkeka. Harufu ya gundi ya viatu ikawafikia, harufu ya mikono ya fundi, na chini yake harufu nyingine, ya tope la kisima kilichofunikwa miaka. Chai ikaanza kushuka kikombeni bila mdomo wowote. Mjomba aliacha kutafuna, mkate ukiwa shavuni.

"Kifungo," sauti ya marehemu ikaita kutoka mitini, kwa upole. "Njoo unishike mkono. Nimechoka kutembea peke yangu."

Mtoto akasimama, uso unang'aa. Mama akamdaka kiunoni.

"Niache, mama. Ni baba. Unamfukuza baba."

"Baba yako hafukuziki, mwanangu, maana hayupo hapa. Tulimwosha, tukamswalia, tukamzika. Yuko kwa Mola wake. Huyu anakunywa chai ya yatima."

Msitu ulinyamaza hata matone hayakusikika.

"Mlinipa nafasi," sauti ikasema, na sasa haikuwa ya mtu yeyote. "Mlinipa wenyewe."

"Tulimpa mume wangu. Wewe ulijikalisha."

Mama akakichukua kikombe. Akasema bismillahi, akainywa chai iliyobaki mpaka tone la mwisho. Ilikuwa baridi, na ilikuwa na ladha ya udongo. Akajifuta mdomo, akakitia kikombe mkobani mwake, akawaambia wakunje mkeka.

Wakati wa kurudi mjomba alijitolea kukaa nyuma. Mama alimwambia amshike mtoto. Nafasi ya nyuma aliichukua mwenyewe, na hakuharakisha, ingawa hatua zilikuwa zikimfuata kila kona na kumkaribia, ingawa pumzi ya kisima ilikuwa ikimpuliza shingoni na kunyanyua ncha ya mtandio wake, ingawa mbao za daraja la kamba, walipofika juu ya korongo na wenzake wakavuka mbele, zilikuwa zikilemewa na mguu mwingine kila alipoinua wa kwake, mpaka katikati ya daraja, mahali ambapo mtu hana pa kujishikiza ila kamba na Mungu, aliposimama na kugeuka.

Hakuona mtu. Aliona nyayo mbichi za viatu juu ya mbao, zimekoma hatua moja kutoka alipo. Akazitazama kwa makini. Fundi viatu alishonea mtaa mzima na vyake akavisahau. Kisigino chake cha kushoto kililika upande wa nje miaka yote. Nyayo hizi zilikuwa sawa pande zote, kama za kiatu kipya cha dirishani mwa duka.

Mama akacheka mara ya pili siku ile.

"Umekaa kwangu muda wote huo," alisema, "na viatu vyake hujui kuvivaa."

Kisha akasoma aya ya kinga, polepole, neno kwa neno, kama anayemsomesha mwanafunzi mzito. Nyayo zikarudi nyuma, ubao kwa ubao, mpaka zikaingia mitini.

Getini alimpandisha Kifungo kiti cha mbele, akamfunga mkanda kwa mkono wake.

Jioni ile mama aliketi kwenye kiti cha mumewe, akanywa chai katika kikombe cha bati. Kifungo alilia, naye akamwacha alie. Alimwambia kulia wataendelea kulia, hilo halina ubaya.

"Dua inamfika. Chai haimfiki."

Mtoto akajifuta macho, akatazama ng'ambo ya meza.

"Sasa mama, kile kiti chako atakikalia nani?"

Wote wawili walikisikia kikisogea kidogo juu ya saruji. Mama akaweka kikombe chini. Akakivuta kiti kwa kidole cha mguu, akanyoosha miguu yake yote miwili, akaipumzisha juu yake. Kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Hakuitoa miguu. Akamwambia Kifungo amwongezee chai.